Kura naomba, hukumu siahidi

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wa watu wetu hapa Kentucky, Marekani. Wengi walikuwa kazini wakaniomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nimepunguza tu pale nilipokuwa narudia.

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo mama zangu, baba zangu, vijana, majirani wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, wa Kenya, na wa kwetu Tanzania. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi ndo siku pekee ya kufua na kwenda dukani na kulala kidogo, na naona humu kuna watu wametoka shifti ya usiku hawajagusa hata kitanda.

Wengi mnanijua kama wakili, yule mama wa ofisi ya ghorofani karibu na korti, ngazi zile nyembamba ambazo wazee mnazilalamikia kila mkija. Sasa nagombea ujaji wa korti ya wilaya na nimekuja kuomba kura zenu. Ila kuna jambo lazima nilitoe kwanza, maana nisipolisema leo litakuja kunifuata. Wiki iliyopita mama mmoja alinishika mkono dukani, mbele kabisa ya magunia ya mchele, akaniambia, "Mwanangu, we ukikaa kwenye kile kiti na sisi tutapumua, zile tiketi za makosa ya barabarani za watoto wetu utazifuta." Alisema kwa upendo na machozi yanamlenga. Nikashindwa kumjibu pale pale, nikamwambia mama tutaongea Jumamosi. Mama, nimekuona umekaa pale nyuma. Jibu langu ni hapana. Na nataka nieleze kwa nini ni hapana, na kwa nini bado nataka kura yako.

Mimi ni mtoto wa karani. Baba yangu alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kule Korogwe, mkoa wa Tanga, mtu wa kushika majalada na kugonga mihuri na kuita majina mlangoni. Shule ikifungwa nilikuwa naenda naye, nakaa kwenye benchi la nyuma karibu na dirisha. Waliokulia Tanzania mnaijua Mahakama ya Mwanzo, wengine niwaeleze: hakimu anakaa pale mbele, pembeni yake wazee washauri wawili, kila kitu kinasemwa kwa Kiswahili, na enzi hizo mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuingia na kusimamia kesi mle, mtu anajisemea mwenyewe. Kesi za mbuzi kula mahindi ya watu, kesi za deni, talaka, mirathi, mtu kapigwa kilabuni. Mzee mshauri anaweza kuuliza swali moja, "Huo mpaka mlipanda miti gani?" na kesi nzima ikafunguka hapo hapo.

Sisemi mahakama ile ilikuwa ya malaika. Ila kitu kimoja kilinikaa toka utoto, kwamba mtu aliposhindwa kesi alitoka amenuna, pengine anatukana chini chini, lakini alikuwa anajua ameshindwa kwa nini. Alisikia kila neno lililosemwa juu yake. Hicho kitu nilikiona cha kawaida kabisa kama maji ya bombani, mpaka nilipofika nchi hii nikakuta kuna watu wanasimama mbele ya jaji, wanaamuliwa mambo yao, na wanatoka hawajui kilichoamuliwa.

Nilikuja hapa kusoma Berea. Wengi mmepita pale kwenye barabara ya I-75 kusini ya Lexington bila kujua ni nini. Chuo cha Berea kilianzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa, kikasomesha weusi na weupe darasa moja, mpaka 1904 jimbo la Kentucky likatunga sheria ya kukataza hiyo, na 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiunga mkono sheria ile, na ilichukua mpaka 1950 ndo weusi wakaruhusiwa kurudi. Fikiria, chuo kimepigwa marufuku kufanya jambo jema na korti zikabariki. Mwalimu wangu mmoja alituambia tuiangalie ile hukumu kila tukijisikia kuamini kwamba jaji akisema basi ni haki. Pale hulipi ada, ila kila mwanafunzi lazima afanye kazi, si chini ya masaa kumi kwa wiki. Mimi nilisafisha mabweni, halafu nikahamishiwa maktaba. Baada ya hapo nikasoma sheria Lexington, nikaolewa, nikapata karatasi za uhamiaji, baadaye nikaapa uraia. Hayo napita haraka maana hayana ajabu, humu kila mtu ana safari yake ya karatasi na za wengine ni nzito kuliko yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutetea watu wasio na hela ya wakili, ile ofisi ya jimbo inayolipwa na serikali. Asubuhi moja unapewa mafaili thelathini, na wenye mafaili wako kwenye korido wanakusubiri, kila mmoja anataka dakika tano na wewe huna. Miaka minne hivyo. Halafu 2014 nikafungua ofisi yangu kwenye mji wetu huu mdogo, na mji mdogo unakufundisha kila kitu, maana huwezi kusema mi ni wakili wa kampuni tu. Asubuhi wosia wa mkulima wa tumbaku, mchana tiketi ya kijana wa Uvira, jioni mzee mweupe aliyegombana na jirani yake miaka kumi na mbili juu ya kisima. Nimewatetea hao wote na wote walinilipa, wengine kwa hela, mmoja kwa nyama ya paa iliyogandishwa.

Sasa hiki kiti ninachokiomba ni cha nini hasa. Kentucky ina kaunti 120 na korti ya wilaya ndo ya chini kabisa, ya kwanza kukutana na mtu. Kwa Kiswahili cha kwetu Tanzania mimi ningeitwa hakimu, si jaji, na ningekuwa nateuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, sio kuchaguliwa kwa kura. Makosa yote madogo yanaanzia pale, na dogo usilidharau, maana kosa dogo la daraja A linaweza kukupeleka jela mpaka miezi 12. Tiketi zote za barabarani. Watoto waliokosea. Wosia na mirathi. Kesi za madai mpaka dola 5,000, na yale madai madogo ya mpaka dola 2,500 ambayo unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, wachache sana humu mnalijua hilo na fundi amekula hela zenu. Kwenye kaunti zisizo na korti ya familia, mama anayepigwa nyumbani anakwenda pale kuomba amri ya ulinzi. Hata mtu wa kosa kubwa, la mauaji, anaanzia kwa jaji wa wilaya, yeye ndo anapanga dhamana. Na hapa Kentucky kuna kitu nakipenda, toka 1976 jimbo hili lilipiga marufuku zile biashara za kuwalipia watu dhamana na kuwatoza, ilikuwa la kwanza nchi nzima. Kwa hiyo kati ya mtu na uhuru wake pale hakuna dalali, kuna jaji tu na karatasi na kiwango atakachotaja. Jaji akitaja dola 500 kwa mtu ambaye ana 40 mfukoni, amemfunga.

Na kufukuzwa nyumba. Hii naomba niiseme polepole. Mwenye nyumba akikupeleka korti, unatakiwa upewe samansi, yaani wito wa korti, angalau siku 3 kabla ya kesi. Siku tatu! Na ukishindwa una siku 7 za kukata rufaa au kutoka, baada ya hapo sherifu, askari mkuu wa kaunti, anakuja kukutoa. Mtu aliyekuwa shifti tatu mfululizo, karatasi imebandikwa mlangoni kwa Kiingereza, mtoto ameitoa akaiweka juu ya friji na matangazo ya piza, anakuja kushtuka siku kumi imepita na godoro liko nje kwenye mvua. Nimeyaona magodoro hayo. Kesi yenyewe mbele ya jaji inakwenda dakika nne, tano, watu wengi hata hawatokei.

Kuna mama mmoja ameniruhusu nisimulie habari yake, jina nitaliacha. Ni mama wa Kivu ya Kusini, mtu mzima, alikuwa anafanya usiku kwenye kiwanda cha kufunga nyama. Alipata tiketi kwa kuendesha bila leseni, tiketi ya lazima ufike korti. Karatasi imeandikwa 9:00 AM. Kijana wa jirani akamsomea: tisa. Saa tisa. Basi yule mama siku ile alijiandaa, akavaa kitenge chake kizuri cha kanisani, akachukua teksi ya dola 18 maana aliogopa kuendesha, akafika korti saa nane na nusu mchana. Mapema. Akakuta jengo kimya, mlango wa chumba cha kesi umefungwa, askari wa pale mlangoni akamwonyesha saa ya ukutani na kutikisa kichwa. Mama akadhani anaambiwa subiri. Akakaa kwenye benchi mpaka taa zikazimwa. Akarudi nyumbani akijua amefanya wajibu wake na wao ndo hawakuja.

Asubuhi ile ile jaji alikuwa ameshasaini hati ya kumkamata kwa kutofika. Wiki tatu baadaye taa ya nyuma ya gari ya mwanawe imekufa, polisi anasimamisha, anauliza majina ya waliomo, jina la mama linatoka kwenye kompyuta. Pingu, kwenye kituo cha mafuta, wajukuu wanaangalia. Ilikuwa Ijumaa. Akalala ndani mpaka Jumatatu. Nilimkuta kwenye kile chumba chenye kioo, tunaongea kwa simu ya ukutani, na aliponisikia naongea Kiswahili akaweka kiganja kwenye kioo akaniambia, "Mwanangu, mimi nilifika. Nilifika mbele ya saa." Karatasi alikuwa nayo, imekunjwa mara nane, akaibandika kwenye kioo na kidole chake kwenye ile namba. "Tisa, si wameandika hapa wenyewe?"

Nimesimama mbele ya majaji mara nyingi sana, na sijawahi kukosa maneno kama siku ile.

Jaji yule hakuwa mtu mbaya. Nilipomweleza habari ya saa zetu, kwamba sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, kwamba tisa ya Kizungu ni tatu yetu, alinyamaza, akafuta ile hati, akamwomba mama samahani mbele ya watu wote. Alikuwa hajui. Amekaa kwenye kiti kile miaka mingi na wazungumza Kiswahili wamepita mbele yake na hakuna aliyewahi kumwambia. Najiuliza wangapi walifika saa tisa.

Na lile la "ndiyo". Mtaniambia kama nakosea. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Mmarekani anajibu kinyume, anasema hapana. Basi nilikuwa nimekaa korti moja nasubiri kesi yangu, kijana amesimama mbele peke yake, jaji anamuuliza kwa haraka kama wanavyouliza, kwa hiyo hukuelewa hii karatasi? Kijana kwa heshima kabisa, mikono nyuma, akasema "Yes." Yaani ndiyo, sikuelewa. Jaji akasikia ameelewa. "Good," kalamu ikapita, imekwisha, amekiri kosa. Nilisimama nikaomba ruhusa ya kusema ingawa haikuwa kesi yangu. Bahati nzuri nilisikilizwa. Ila siku hiyo nilikuwepo, sasa zile siku ambazo sikuwepo?

Msidhani ni mambo ya tiketi tu. Wengi humu mna grini kadi, kile kibali cha kuishi hapa bila kuwa raia. Kuna kesi iliyotoka hapa hapa Kentucky, kaunti ya Hardin, ya dereva wa lori mmoja anaitwa Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, amekaa nchi hii kihalali zaidi ya miaka 40, ametumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Akakamatwa na bangi kwenye lori. Wakili wake akamwambia usiwe na wasiwasi wa uhamiaji, umeshakaa hapa miaka mingi, kiri tu. Akakiri, na kukiri kule kukawa ndo tiketi ya kurudishwa. Ikaenda mpaka Mahakama ya Juu Washington, na tarehe 31 Machi 2010 wakasema wakili lazima amwambie mteja asiye raia kwamba kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa sheria, tuliisoma hukumu ile ya moto moto, na nilijua kazi yangu itakuwa nini. Toka siku hiyo hakuna mteja wangu aliyekiri kitu kabla sijamuuliza ana karatasi gani.

Kuna mzee aliniuliza wiki hizi, kwani lazima jaji awe wakili, si mtu yeyote mwenye busara anatosha, kama wazee wa baraza kwetu? Swali zuri sana na hapa Kentucky lina historia. Zamani miji midogo ilikuwa na majaji wasiosoma sheria. Mwaka 1974, mji wa Lynch, kaunti ya Harlan, milimani kule kwenye makaa ya mawe, mtu mmoja alikamatwa kwa kuendesha amelewa, akapelekwa mbele ya jaji wa mji ambaye kazi yake halisi ilikuwa kuchimba makaa, hajasoma sheria hata siku moja. Akamhukumu siku 30 jela na faini dola 150 na leseni akanyang'anywa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1976 wakasema inaruhusiwa, maana mtu ana haki ya kuanza upya mbele ya jaji aliyesomea. Mimi hukumu ile siipendi. Mtu maskini hana hela ya kuanza upya, kwake mara ya kwanza ndo mara ya mwisho. Lakini wananchi wa Kentucky walishaamua kabla hata ya hiyo hukumu, Novemba 1975 walipiga kura kubadilisha katiba ya jimbo, wakafuta korti zile, wakaunda hizi za wilaya zilizoanza Januari 1978, na jaji wake lazima awe wakili mwenye leseni angalau miaka miwili na awe ameishi hapa hapa wilayani. Busara ya wazee wetu naiheshimu, nimelelewa nayo, lakini wale wazee wa Korogwe walikaa pembeni ya hakimu aliyejua sheria. Vyote viwili vilikuwepo.

Sasa nije kwa baba yangu, maana yeye ndo alinibana kuliko mtu yeyote. Nilimpigia simu kumwambia nagombea. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Hakimu anaomba kura?" Nikasema ndiyo baba, huku wanachaguliwa. Akasema, "Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Hao watakaokupa kura watakuja kudai. Siku wakija na kesi utawatazama vipi?"

Sikulala vizuri usiku ule. Kwa sababu baba hakukosea. Jirani yetu West Virginia, 2004, kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa imeshindwa kesi ya dola milioni 50, mkuu wake alimwaga karibu dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja aingie mahakama ya juu ya jimbo. Akaingia. Kesi ilipofika kwenye rufaa jaji yule akakataa kujitoa, na kampuni ikashinda kwa kura tatu kwa mbili. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani 2009 iseme hapana, ulipaswa ujitoe, na hata wao waligawanyika tano kwa nne. Kwa hiyo hofu ya karani wa Korogwe ndo hofu ya majaji wakubwa wa Washington.

Basi nilimpigia tena nikamsomea kanuni. Mgombea ujaji hapa haombi hela kwa mkono wake, kamati ndo inaomba na kupokea. Mgombea hatoi ahadi ya jinsi atakavyoamua kesi, akiahidi amevunja maadili na kuna tume ya kumshughulikia. Hatugombei kwa chama, kwenye karatasi ya kura jina langu halitakuwa na chama. Na jaji haruhusiwi kufanya uwakili, kwa hiyo nikishinda nafunga ofisi, wateja wangu nawakabidhi kwa mawakili wengine. Na kesi ya mtu ninayemjua kwa karibu, niliyemtetea, niliyekula kwake, najitoa, anakuja jaji mwingine. Baba akaniuliza, "Hayo umewaambia watu wako?" Nikasema bado. Akasema, "Waambie kabla ya kura, sio baada."

Ndo nawaambia.

Mama yangu pale nyuma, tiketi ya mwanao sitaifuta. Nikimjua mwanao kesi yake sitaigusa hata kidogo. Na nisipomjua, akiwa amekosa, nitamhukumu kama nitakavyomhukumu mtoto wa yule mkulima wa tumbaku, kwa sababu na yule mkulima naye ananiangalia, anajiuliza huyu mama Mwafrika akikaa pale mwanangu atapata haki? Lazima apate. Siku atakapoona nimempendelea mtu wangu, hataniona mimi tu, atamwona kila mmoja wenu humu.

Lakini kuna mambo naweza kusema nitayafanya, maana haya si hukumu, ni namna ya kuendesha chumba. Kwangu hakuna mtu atakayeulizwa "umeelewa?" halafu tukaridhika na "yes". Nitamwambia, niambie kwa maneno yako umeambiwa nini. Kama hawezi kuniambia, hatuendelei. Mkalimani: sheria ya Kentucky inampa mkalimani mtu asiyejua Kiingereza na korti ndo inalipa, si wewe. Mtoto wa miaka kumi na moja hatasimama kumtafsiria mama yake kwenye chumba changu. Na sitaridhika na karatasi iliyoandikwa tu "Kiswahili", maana mnajua wenyewe, Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa na cha Tanga si kimoja, na kuna wazee humu ambao Kibembe ndo lugha ya moyo, Kiswahili ni cha sokoni, mzee kama huyo aulizwe kwanza. Na tarehe ya kurudi korti itasemwa kwa saa zote mbili. Mkalimani ataagizwa aseme, saa tatu asubuhi, baada ya jua kutoka, sio mchana. Haichukui hata sekunde kumi.

Hayo atayapata Mkongo na atayapata yule bibi mweupe asiyesikia vizuri wa kule bondeni ambaye naye anaitika tu "yes, yes" kwa aibu. Nimemwona pia.

Nimalizie na kura yenyewe, na hapa naomba utulivu, hata watoto. Kama wewe si raia wa Marekani, usijiandikishe na usipige kura, hata mtu akikupa fomu dukani kwa tabasamu, hata ukiwa na grini kadi miaka ishirini, hata ukitaka kunisaidia mimi. Unaweza kupoteza kila kitu. Usisaini. Kura yako moja hainifai kitu ikikurudisha ulikotoka.

Kwa walio raia, siku ni Jumanne tarehe 3 Novemba 2026, na kuna Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla yake unaweza kupiga mapema bila kutoa sababu, wa shifti mnanisikia. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu tarehe 5 Oktoba. Kwenye karatasi ya kura kuna sehemu ya kuchagua chama kizima kwa alama moja. Ukiweka alama pale hujampigia jaji yeyote, mimi wala mwenzangu. Majaji wako sehemu yao, inabidi ushuke, ugeuze karatasi, utafute. Wengi wanaishia juu wanaondoka.

Na saa. Vituo vinafungua 6 asubuhi vinafunga 6 jioni. Hiyo ni saa kumi na mbili yetu mpaka saa kumi na mbili yetu. Sio saa sita usiku, mkija saa sita usiku mtakuta giza kama yule mama. Na ikifika saa kumi na mbili jioni kamili wewe bado uko kwenye foleni, hata kama mlango unaonekana unafungwa, hata kama mtu anakuambia muda umekwisha, simama pale pale, aliyefika kabla ya kufungwa ana haki ya kupiga. Mwambie tu kwa Kiingereza chochote ulicho nacho kwamba ulifika.

Haya, maswali. Mzee, anza wewe, nimeona mkono wako muda mrefu.